Ng'ombe wa babu, Hiace ya baba mdogo

Nimerudi mjini kutoka nyumbani. Nyumbani kwangu ni Mbugani, pale Kyela, na kama hujawahi kufika nitakueleza kwa kifupi. Unashuka kutoka Tukuyu, masikio yanaziba na kuzibuka, baridi inakuacha taratibu, migomba inazidi, halafu ghafla ardhi inalala chini kama mkeka. Milima ya Livingstone inabaki kushoto kwako, ziwa liko mbele ingawa hulioni, na watu wanaendesha baiskeli bila kuhema. Hiyo ndiyo mbuga yenyewe. Jina la mtaa wetu halikutolewa na mshairi.

Nilikwenda kumwona bibi maana miguu inamsumbua. Nikakuta familia imegawanyika pande mbili, na ugomvi wenyewe ni wa banda la magari.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ni mtu wa biashara. Ana Hiace ya abiria, ana Canter inayobeba mpunga na kokoa, ana pickup ya kuzungukia shughuli zake, na pikipiki mbili walizopewa vijana wa bodaboda. Vyote hivyo vinalala nje uani. Mwaka jana wezi walipita na betri ya Canter. Msimu wa masika uliopita maji yalipanda usiku, asubuhi Hiace ikakutwa imeketi kwenye dimbwi, viti vya mbele vimelowa. Ilikaa wiki mbili kwa fundi. Wiki mbili bila Hiace maana yake ni wiki mbili bila ada ya shule ya wadogo zangu, kwa hiyo naomba usicheke.

Baba mdogo akaamua: anajenga gereji nyumbani. Hapo kwanza neno lenyewe lilizua utata, kwa sababu kwetu gereji ni kwa fundi, mahali penye oili chini na Peugeot isiyo na injini ambayo mwenyewe alihama zamani. Mtu akisema gari lake liko gereji unampa pole. Bibi aliposikia mwanawe anataka kuweka gereji nyumbani alidhani anafungua gereji bubu, na vijana wenye spana wataingia na kutoka hadi usiku. Ilibidi aelezwe: mama, ni banda tu. Nyumba ya magari kulala.

"Ya magari kulala," bibi akarudia. Akanyamaza kidogo. "Na nani atalala nayo?"

Tulicheka wote. Ila swali hilo nimekuja nalo hadi Dar, na ndilo limenifanya niandike.

Bibi alizaliwa miaka ya mwanzo ya 1940, kwa hesabu zetu za kukisia. Katika utoto wake mali ya nyumba ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe hawakulala zizini nje. Walilala ndani, chini ya paa moja na watu, kwenye nyumba ndefu ya mianzi iliyoezekwa kwa nyasi. Upande mmoja ng'ombe wamefungwa kwa mstari, upande mwingine moto na mahali pa wanaume kulala. Mtoto wa mjini akisikia hivyo anaziba pua. Nakuomba usizibe haraka.

Mwaka 1879 alipita huku kijana wa Kiskoti aitwaye Joseph Thomson. Alikuwa na miaka 21. Kiongozi wa msafara wake, Keith Johnston, alikufa njiani huko Behobeho mwezi Juni, na Thomson akajikuta anaongoza watu zaidi ya mia moja akiwa na umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunagombania kitanda bwenini. Alipofika kaskazini ya Ziwa Nyasa alishangaa. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1881 kinasifu nyumba za huku kwa unadhifu, viwanja vilivyofagiliwa chini ya migomba, mpangilio wa vijiji. Wazungu wa zama zile hawakuwa wepesi wa kutusifu, kwa hiyo akisifu ujue aliona kitu.

Kitu chenyewe ni kazi. Bibi anasema kila asubuhi samadi ilizolewa na kupelekwa migombani kabla mtu hajanywa chochote. Vijana ndio waliofanya. Nyumba iliyonuka ilikuwa aibu ya vijana wake. Na vijana hawa nao wana historia yao: Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti waliokaa kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu namna wavulana walivyotoka kwa baba zao wakiwa bado wadogo wakaanzisha kijiji chao cha marika, huku wakiendelea kuchunga ng'ombe wa baba zao kwa pamoja. Kitabu cha Monica, Good Company, kilitoka 1951, miaka saba baada ya Godfrey kufariki. Nilikisoma chuoni kwa ajili ya mtihani. Safari hii nilikirudia kwa ajili ya banda la Hiace, na kwa kweli mara ya pili ndiyo nimekielewa.

Kwa nini ng'ombe walale ndani? Wezi, ndiyo. Chui, ndiyo. Baridi ya juu Rungwe, ndiyo, ingawa huku chini mbugani hakuna baridi ya kutisha ng'ombe. Lakini sababu kubwa ni kwamba ng'ombe ndiye aliyekuwa mahari, ndiye aliyechinjwa msibani, ndiye aliyeamua kama kaka mkubwa anaoa mwaka huu na wewe unasubiri. Mali ya namna hiyo huiachi nje na kwenda kulala. Wazee walikuwa na kumbukumbu pia ya mwanzo wa miaka ya 1890, sotoka iliposhuka kutoka kaskazini na kufagia ng'ombe wa Afrika Mashariki karibu wote, matajiri wakaamka maskini. (Sotoka imekwisha duniani. Ilitangazwa rasmi mwaka 2011. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufutwa kabisa, na wengi wetu hata hatukusikia.)

Basi tumerudi kwa baba mdogo. Yeye alishaleta mchora ramani kutoka mjini. Ramani ikaja imechapwa vizuri, ina rangi, ina hadi mti pembeni na mwanamke wa Kizungu anatembea na mbwa. Banda lenyewe ni sanduku la mita 12 kwa 12. Magari mawili mbele, mawili nyuma, mlango mmoja mpana wa chuma, paa moja kubwa juu. Mahali pake: mbele ya kiwanja, karibu na barabara, kwenye bonde dogo ambalo kila masika ndilo njia ya maji. Bonde lingejazwa kifusi.

Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Shangazi anasema bonde likijazwa maji yatatafuta njia nyingine, na njia nyingine iliyopo ni chumba cha bibi, halafu jirani. Baba mdogo anasema barabarani ndipo pa kuonekana. Hakulitumia neno kuonekana. Alisema "pa kufikika".

Hilo sanduku limetoka wapi? Nalisema hivi kwa sababu nimeona masanduku ya aina hiyo Mbeya, Dodoma na Dar, na yote yana matatizo yaleyale. Ili kulijibu inabidi tuiache Kyela kidogo twende Dar es Salaam, ambako gari la kwanza kuvuka bara hili lilianzia safari. Tarehe 10 Agosti 1907 luteni wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar na gari lililotengenezwa Gaggenau. Alifika Swakopmund, pwani ya Namibia, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi 21. Petroli ilibidi itangulizwe njiani, na ilipobebwa ilibebwa kichwani. Gari lilikuja kwetu likiwa limebebwa na watu, siyo kinyume chake.

Waingereza walipochukua nchi waligawa Dar kwa kanda miaka ya 1920. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya nyumba: kanda ya kwanza nyumba za kizungu, ya pili nyumba za biashara na makazi, ya tatu nyumba za kienyeji. Matokeo unayajua kwa majina yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kule Uzunguni, na baadaye Oysterbay, nyumba ilikuja na bustani, chumba cha mtumishi nyuma, na kibanda cha gari ubavuni. Gari moja la bwana mmoja. Asubuhi anatoka, jioni anarudi, katikati ya siku gari halifanyi kazi yoyote. Banda la namna ile lilitosha kuwa sanduku.

Uswahilini nyumba ilikuwa ile unayoijua: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma na choo. Nyumba nzuri sana kwa kupangisha, kwa kupika pamoja, kwa kusutana. Gari halina pa kuingilia. Hakuna aliyetarajia kwamba Mswahili angekuwa na gari, kwa hiyo hakuna aliyemwachia mlango.

Uhuru ulipokuja mambo yangeweza kubadilika, na kidogo yalibadilika. Ndiyo miaka ambayo neno Wabenzi lilizaliwa. Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, mishahara miwili, hisa kwenye makampuni. Halikukataza gari. Lakini mtu mwenye magari manne uani kwake alikuwa na maswali ya kujibu. Mwaka 1971 serikali ikataifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na hapo hata mwenye hamu ya kujenga kikubwa akafikiri mara mbili.

Halafu mafuta. Bei ya dunia ilipanda 1973, ikapanda tena 1979 wakati tumetoka vitani na Iddi Amin. Wazee wa Dar bado wanasimulia Jumapili za wakati ule: magari binafsi mwisho saa nane mchana, ukikutwa baada ya hapo huna kibali unalala polisi. Baba mdogo alikuwa mtoto. Anasema Mbugani sheria hiyo haikumsumbua mtu, maana hapakuwa na gari la kuzuia.

Sitaki kulaumu Azimio. Kuna watu wenye shahada wasingekuwa na shahada bila Azimio, nami ni mmoja wao, kwa sababu babu alisomesha watoto wake bure. Ninachosema ni kwamba kwa kizazi kizima, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya 1980, mtu wa kawaida hakuwa na sababu ya kufikiria gari litalala wapi. Fundi aliyefundishwa kazi miaka ile alijifunza kujenga vyumba. Hakujifunza upana wa mlango wa gari.

Mwaka 1983 serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria Dar, nauli shilingi tano, ndiyo tukapata daladala. Mwaka uliofuata bajeti ya Waziri Cleopa Msuya ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Pickup zikamiminika. Maazimio ya Zanzibar ya 1991 yakalegeza yale masharti ya uongozi, na miaka hiyohiyo yakaja magari ya mtumba kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai. Kanuni za mwaka 2010 zikazitambua pikipiki na bajaji kama usafiri wa abiria. Kwa hiyo ndani ya miaka 30 hivi familia ya Mbugani imetoka kwenye baiskeli moja hadi vyombo vitano, na nyumba ni ileile. Zunguka mtaani uone: ukuta umebomolewa kipande ili gari lipite, geti limewekwa mahali palipokuwa jiko, kibaraza kimekatwa nusu. Gari limeingia kwenye nyumba zetu kama mgeni aliyefika usiku.

Na huyo mchora ramani, alipoombwa banda, alichora kile cha Oysterbay. Alikizidisha kwa nne tu.

Siku ya tatu tulikaa chini ya mwembe na ile ramani. Nilikuwepo kama mwandishi wa habari, yaani mtu asiye na mchango. Shangazi ndiye aliyeanza: "Hiace inatoka saa kumi na moja alfajiri. Canter imerudi usiku wa manane, imepaki mbele yake. Nani anaamshwa?"

Baba mdogo hakuwa na jibu. Dereva wa Canter anakaa Ipinda.

Bibi akauliza, "Kwani mnazipanga mbili mbili kama viatu?" Kisha akatueleza nyumba ya babu yake ilivyokuwa. Haikuwa pana. Mwanzi hauvuki mahali papana, unapinda. Kwa hiyo nyumba ilikuwa nyembamba na ndefu, na tajiri alipoongeza ng'ombe hakupanua nyumba, aliirefusha. Ng'ombe walisimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja anatoka bila kumruka mwenzake. Wenye kukamuliwa walifungwa karibu na mlango.

Fundi mwashi wa mtaani, ambaye alikuwa amekaa kimya anakunywa chai, akaweka kikombe chini. Akachukua kijiti, akachora chini. Ukiyapanga magari manne ubavu kwa ubavu, kila moja lipewe mita tatu na nusu ili milango ifunguke, unapata urefu wa mita 14. Kina mita saba, kwa sababu Canter yenyewe ina kama mita sita na lazima mtu aweze kupita mbele yake. Paa sasa linavuka mita saba badala ya 12. Kenchi za mita saba zinafungwa kwa mbao za kawaida na mafundi wa hapahapa. Kwa mita 12 unaanza kuzungumzia chuma, au nguzo katikati ambayo siku moja Hiace itaigonga. Kila gari lina mlango wake. Hakuna anayeamshwa.

Eneo pia limepungua. Lile sanduku lilikuwa mita za mraba 144. Hili ni 98. Baba mdogo aliichukua simu akapiga hesabu mwenyewe, mara mbili.

Lakini fundi alikuwa na hofu yake, na hii naiweka kwa urefu kwa sababu nimeona watu wengi wanaipuuza. Ukuta wenye milango minne mipana siyo ukuta tena, ni miguu mitano imesimama. Desemba 2009 ardhi ilitetemeka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, wiki kadhaa, na nyumba nyingi za tofali zilianguka. Nilikuwa mtoto, nakumbuka nasi tulilala nje. Tuko ndani ya Bonde la Ufa, hatuna ujanja. Nyumba ya mwanzi ikitikiswa inacheza inarudi. Tofali la kuchoma lililoshikwa kwa udongo linaachia. Kwa hiyo zile nguzo tano lazima ziwe za zege na nondo kutoka kwenye msingi hadi juu, na linta ipite moja kwa moja juu ya milango yote, izunguke jengo kama mkanda. Hapo ndipo fedha iliyookolewa kwenye paa inakwenda. Hakuna cha bure.

Na milango ya chuma, fundi akasema, pasiwe na ile ya kufunguka nje yote kwa wakati mmoja, itagongana. Ya kukunja, au ya kuteleza. Hapo wakabishana nusu saa nzima. Sitakuchosha.

Mahali sasa. Bibi alinishika bega, tukatembea hadi nyuma ya nyumba, polepole, kwenye migomba. Ardhi pale imenyanyuka kidogo, hata usipoambiwa hutaona. Udongo ni mweusi kuliko kwingine, migomba yake ni minene. "Hapa," akasema. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya ng'ombe ya baba mkwe wake. Miaka ya kuzoa samadi na kumwaga karibu, miaka ya kukandika sakafu upya kila ilipolika, pakawa juu. Masika maji yanazunguka pale, hayapandi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote.

"Mliniuliza habari ya gereji," akasema. "Mimi gereji siijui."

Mwambao huu wa kaskazini unapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inamwagia huku, kutoka milima ambayo Rungwe peke yake ina karibu mita 2,960, wakati ziwa liko chini ya mita 500. Maji yakishuka hayaombi njia. Sentimita 30 za maji yanayokwenda zinatosha kuinua gari dogo. Sentimita 60 zinabeba magari mengi, Hiace ikiwemo. Baba mdogo alikuwa anataka kumwaga kifusi tripu kwa tripu kutafuta kimo ambacho wazee walishakijenga kwa samadi.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Sehemu ile ya nyuma iko mbali na barabara, kwa hiyo lazima iachwe njia ya mita nne kupita ubavuni mwa nyumba, na mbele ya banda uwanja wa kugeuzia usiopungua mita saba au nane. Njia hiyo inakula bustani ya mboga ya shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa upande wetu. Udongo wa samadi nao haubebi jengo: mweusi, mlaini, ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Fundi anasema lazima uchimbwe hadi ardhi ngumu kwenye mistari ya msingi, mawe yashindiliwe, na sakafu ya zege iinamie mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke. Matundu yaachwe juu ya kuta, maana gari likiungurumishwa ndani asubuhi, kaboni monoksaidi haina harufu na haimwamshi mtu. Baba mdogo alitaka vijana wa bodaboda walale kwenye chumba cha pembeni, wakilinda. Shangazi alikataa kabisa mpaka ukuta wa chumba hicho ufike hadi kwenye bati bila tundu upande wa magari, na mlango wake ufungukie nje. Petroli isiwekwe humo kwenye madumu. Alisema hivyo akimwangalia baba mdogo, ambaye huweka petroli kwenye madumu.

Na kibali. Mbugani ni mjini, huwezi kunyanyua zege la mita 14 bila kibali cha ujenzi cha halmashauri, na ramani inayopelekwa lazima iwe ya mtu anayetambulika, siyo kijiti cha fundi. Kwa hiyo yule mchora ramani analipwa mara ya pili. Amekubali kupunguza bei kidogo. Mwanamke na mbwa wake wanabaki.

Swali la bibi, la nani atalala nayo, baba mdogo amelijibu kwa vijana wawili wa bodaboda. Sijui kama ndilo alilokuwa anauliza. Nyumba ya ng'ombe jioni ilikuwa na moto, marafiki wa mwenye nyumba walikuja kuota, watoto walisikia habari za ukoo wakiwa wamelala karibu na ndama. Ng'ombe walikuwa wa babu, lakini maziwa yalikwenda nyumba tatu na vijana wa kijiji kizima waliwajua kwa rangi zao. Hiace ya baba mdogo inabeba mtaa mzima mchana, usiku inafungiwa kufuli. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama maziwa yana mkopo benki.

Siku niliyoondoka walikuwa wanapiga mambo na kuvuta kamba. Migomba mitano imo ndani ya kamba, lazima ikatwe. Bibi aliomba apewe wiki moja. Amewatuma watoto wang'oe machipukizi yote ya pale na kuyapanda kule bondeni, kwenye njia ya maji, mahali sanduku lilipokuwa likae.